Peupe kwenye Ramani ya Kishanda

Watu wa Kishanda wana tabia moja ambayo Kokushubila alikuwa ameisahau kwa kukaa mbali: ikishajulikana kwamba umesoma, hawakuulizi umesomea nini, wanakupa kazi. Aliyesomea meno ya watu ataletewa ng'ombe anayechechemea. Aliyesomea sheria za bahari atapelekewa ugomvi wa mbuzi aliyekula maharage ya jirani. Basi iliposikika kwamba binti wa marehemu Kyaruzi amerudi kukaa miezi mitatu kwa shangazi yake amalizie tasnifu yake, na kwamba huko chuoni kazi yake ni kuchora ramani, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bartholomayo, hakusubiri hata vumbi la safari limtoke mgeni. Alifika asubuhi ya siku ya pili, akakaribishwa buni za kutafuna, akatafuna bila haraka, kisha akasema kijiji kinahitaji ramani.

"Ramani zangu mimi ni za huko juu, waitu," Kokushubila alijitetea kwa neno la heshima la Wahaya. "Mbali sana. Mbali kuliko nyota unazoziona."

"Kama za mbali unaziweza, za karibu zitakushindaje?"

Mzee alikuwa na hoja yake pia. Kijiji kilikuwa kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na mpima ardhi kutoka Bukoba, Bwana Burhani, alikuwa amekwisha kupita na kifaa chake kuchukua mipaka ya nje. Kilichobaki ni kujaza ndani: vibanja vya migomba, chemchemi, njia, shule, kanisa. Kazi ya wiki moja kwa mtu mwenye kompyuta. Kokushubila akakubali, na moyoni alifurahi. Tangu utotoni hadi anaondoka kijijini alikuwa wa kupokea tu, karo na maombi na magunia ya ndizi, na sasa kulikuwa na kitu cha kurudisha.

Shangazi yake, Felicitas, alikuwa amekaa chini muda wote huo, akichagua njugumawe kwenye ungo. Mzee alipokwisha kuondoka aliuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine pale kijijini aliyewahi kuliuliza.

"Na hizo za huko juu, mwana wange, unachora nini hasa?"

Kokushubila alimwita Tatenkazi, kama Wahaya tunavyomwita dada wa baba, yaani baba wa kike. Alisogeza kiti, akamweleza. Huko mbali, alisema, nyota zimekusanyika kwa mabilioni, na kila kusanyiko linaitwa galaksi. Galaksi nazo hazikutawanyika hovyo kama mtama uliomwagika. Zimejipanga kwa makundi na kwa mistari, zimeshikana. Kati ya makundi hayo kuna mahali pakubwa mno ambapo karibu hapana kitu. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, huchukua miaka milioni mia mbili kuvuka sehemu moja tu ya namna hiyo. Yeye kazi yake ni kupima sehemu hizo tupu, ukubwa wake na umbo lake, na kuziingiza kwenye ramani.

Felicitas aliendelea kuchagua njugumawe. Kisha akasema, "Kwa hiyo unachora rweya."

Kokushubila alicheka mpaka akamkumbatia. Maana ndivyo ilivyo kwetu: kijiji ni kisiwa cha migomba na mibuni, nyumba zimefichwa humo ndani, na ukitoka kijiji kimoja kwenda kingine unavuka rweya, nyasi tupu mpaka jicho lichoke. Shangazi aliyeishia darasa la saba alikuwa amefupisha kwa neno moja kazi ambayo mpwa wake aliijazia kurasa mia mbili. Jioni ile Kokushubila aliandika maelezo hayo kwa msimamizi wake wa masomo, akaomba ruhusa ya kuyaweka kwenye utangulizi.

"Na hizo rweya zako mnaziitaje?" Felicitas aliuliza tena kesho yake.

"Tunazipa namba. Ninayoipenda mimi ni arobaini na saba. Ndiyo tupu kuliko zote."

"Namba tu?"

"Namba tu, Tatenkazi. Jina la nini, na hapana mtu?"

Felicitas aliinuka kwenda kukata nyasi mbichi za kutandaza sebuleni, maana ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kubadilisha nyasi za sakafuni.

Huyu Felicitas inafaa nimweleze kidogo. Aliolewa Kibeta, pale Bukoba mjini, akiwa msichana wa miaka ishirini, na baada ya miaka miwili akarudi nyumbani. Kwa nini alirudi, Kokushubila hakuwahi kuambiwa, na kwetu mtoto hachokonoi mambo ya namna hiyo. Kaka yake Kyaruzi alimjengea nyumba ndogo pembeni mwa kibanja cha ukoo, shamba la migomba walimozaliwa. Kibanja kilimwendea Kyaruzi, na Kyaruzi alipofariki kikamwendea mwanawe wa kiume, Mugisha, ambaye yuko Mwanza na huja Krismasi. Mugisha si mtu mbaya, hamfukuzi shangazi yake. Lakini mgomba hata mmoja Felicitas hawezi kuuita wake. Chake ni musiri tu, lile shamba dogo ambalo wanawake hulima huko rweya, nje ya kibanja, wakapanda njugumawe na viazi. Hata musiri wenyewe ni wako kwa jembe tu. Unalima misimu miwili mitatu, ardhi inachoka, unaiachia nyasi na kufungua pengine. Hakuna aliyekupa, kwa hiyo hakuna karatasi.

Siku ya kuchora ilifika. Wazee walikusanyika uani kwa Mzee Bartholomayo, wakachora kijiji chini kwa majivu. Kila mzee alitaja vibanja vya ukoo wake, na hapo usiulize kelele, maana kibanja si shamba tu, ndimo walimozikwa mababu. Walibishana nusu saa juu ya mgomba mmoja wa mpakani ambao nadhani ulishaanguka. Kokushubila aliandika kila neno. Mchana wanawake walileta chakula. Waliyaheshimu yale majivu, hakuna aliyeyakanyaga. Walipita pale katikati palipokuwa wazi, mmoja baada ya mwingine, sufuria kichwani, na Felicitas akiwa miongoni mwao.

"Na hapa katikati?" Kokushubila aliuliza, akionyesha palipopitwa.

"Hapo?" Mzee mmoja hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani. "Hapo ni rweya tu. Hapana kitu."

Akaandika: eneo wazi.

Wiki iliyofuata alipeleka kazi yake Bukoba. Ofisi ya Burhani ilikuwa chumba kimoja kilichojaa mirija ya karatasi, na mwenyewe alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya kufuma, aliyezaliwa palepale mjini na babu aliyetoka Pwani. Aliitazama ramani kwenye kompyuta akaguna kwa raha.

"Hii hata mtu asiyejua kusoma ataisoma," alisema. "Ila hapa peupe pamekuwa pakubwa. Mimi nilizunguka mpakani tu, ndani sikuingia. Una hakika hapana matumizi?"

"Wazee wameniambia."

"Basi sawa. Kuna kampuni inatafuta ardhi ya kupanda misonobari. Mkutano mkuu wa Jumamosi ukipitisha hivi, ombi lao litawekwa hapo hapo peupe."

Kokushubila alisikia, akafikiri miti ni jambo jema, akayapa mawazo yake likizo. Ramani ilichapishwa kwenye karatasi kubwa kama shuka. Alirudi nayo Kishanda ameikumbatia.

"Umepita Kibeta?" Felicitas alimuuliza kabla hata hajaketi.

"Nimepita kwa juu juu."

"Haya," alisema shangazi, na hapo hapo akageukia mambo ya chai.

Waliitundika ramani ukutani. Felicitas aliosha mikono kwanza, akaikaribia, akafuata njia kwa kidole. "Kanisa hili. Shule hii. Chemchemi. Kibanja cha baba yako, na hata huo mti wa mwanzi umeuweka, kasinge, umefanya vema." Aliendelea hivyo muda mrefu, uso umemkunjuka kwa furaha. Kisha kidole kikasimama. "Na mimi niko wapi?"

"Hapa." Kokushubila alimwonyesha kinyumba kidogo pembeni mwa kibanja.

"Hapo nalala. Nakuuliza niko wapi."

Akaweka kiganja kizima kwenye ile sehemu nyeupe. Kokushubila akaanza kueleza habari za eneo wazi, akafika kwenye misonobari, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyompungua. Felicitas aliketi chini kwenye nyasi alizozitandaza mwenyewe.

"Lini?" aliuliza.

"Jumamosi wanapitisha."

Ilikuwa Jumatano.

Asubuhi ya Alhamisi Felicitas alichukua jembe, akamwambia mpwa wake avae viatu vya kufunika. Walitoka kwenye kivuli cha migomba, wakaingia kwenye jua la rweya. Kokushubila alikuwa amevuka nyasi zile mara elfu akienda shule, macho yakiwa mbele anakokwenda. Siku ile alitembea nyuma ya mtu anayekwenda humo humo. Njia zilikuwepo, nyembamba, zimekanyagwa zikawa ngumu. Walimkuta Judica, mjane anayekaa nyuma ya shule, ameinamia viazi. Walimkuta Nancy, mtoto mgongoni. Mbele yao jembe lilipanda na kushuka na mwenyewe haonekani. Kokushubila alianza kuhesabu misiri kwa mazoea ya kazi yake, akafika kumi na tisa, akaacha kwa aibu.

Musiri wa Felicitas ulikuwa kwenye mteremko, njugumawe karibu kuvunwa, majani yameanza kuwa manjano. Alipita katikati ya mistari hadi mahali ambapo jembe halikugusa, duara dogo la nyasi lisilozidi mkeka. Palikuwa na mawe matatu.

"Wenzangu misiri yao huhama," alisema. "Leo hapa, mwaka kesho kule bondeni. Mimi miaka thelathini na minane nimehama kwa kuzunguka. Ardhi ikichoka upande huu, nafungua upande ule. Hapa sijawahi kuondoka."

Kokushubila alikuwa ameelewa kabla hajaambiwa, lakini akangoja aambiwe.

"Nilikuja kujifungulia kwa mama. Akaja mtoto wa kiume, mzima, kila kitu anacho, hakulia. Tukatuma habari Kibeta. Wakwe wakasema mtoto ambaye hakupumua si wa kusafirishiwa. Na babu yako, Mungu amrehemu, akasema huyu ni damu ya ukoo wa watu, hawezi kulala kwenye kibanja chetu. Kule hakutakiwa, huku hakuruhusiwa. Mama akanishika mkono tukaja hapa, mimi na yeye na jembe. Kibeta sikurudi tena."

"Alikuwa anaitwa nani, Tatenkazi?"

"Hakulia, mwana wange. Walisema asiyelia hapewi jina." Aling'oa gugu moja lililokuwa limelikaribia jiwe. "Sikukuleta hapa ukaseme. Baba yako mwenyewe alikufa hapajui mahali hapa. Nimekuleta ili ujue ulipoandika hapana kitu, uliandika juu ya nini."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika, Kokushubila angepata pa kujishikia. Alimshika shangazi yake mkono na wote wawili wakasimama pale mpaka jua likawa kali, kisha wakapalilia, kwa kuwa walikuwa wamekwenda na jembe.

Mchana huo huo alikwenda kwa Mzee Bartholomayo. Hakutaja mawe. Alisema ramani ina kosa, rweya inalimwa.

"Hilo nalijua," alisema mzee. "Mke wangu mwenyewe ana musiri huko."

"Sasa mbona hamkusema?"

Mzee alishangaa kwa dhati. "Ulituuliza vibanja. Musiri si kibanja. Mwanamke akiondolewa hapa atalima pale."

"Pale wapi, waitu? Pale ndiyo hapo hapo peupe. Misonobari ikikua hata nyasi za kutandaza hazitaota."

Mzee Bartholomayo hakuwa mwovu, na ningekudanganya nikimfanya hivyo. Kampuni iliahidi mabati ya madarasa mawili, na yeye ndiye aliyewaona watoto wakilowa. Alikuna kidevu. "Maji yakimwagika hayazoleki. Ramani imeshapelekwa wilayani. Ukitaka kusema umekosea, useme Jumamosi, mbele ya watu. Lakini fikiri, binti yangu. Mtu aliyeshindwa kuchora kijiji alichozaliwa, huko kwenye nyota watamwaminije?"

Neno hilo lilimfuata hadi nyumbani. Akafungua kompyuta atulize moyo kwa kazi anayoijua, na kwa bahati au kwa makusudi alifungua namba arobaini na saba, ile tupu kuliko zote. Aliitazama orodha yake. Mwaka uliopita alikuwa ameweka mstari: chochote chenye mwanga hafifu kupita kiwango fulani kiondolewe, kihesabiwe kuwa ni uchafu wa darubini. Aliuondoa mstari ule. Katikati ya utupu wake mpendwa yakajitokeza madoa kumi na moja. Mengine huenda kweli yalikuwa uchafu. Mengine yalikuwa na umbo, yalikuwa na umbali, yalikuwa galaksi ndogo zenye nyota zao zinazowaka bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuwa ameziangalia. Alikuwa amependa mno kuwa na ile tupu kuliko zote.

Nyani haoni kundule, na msomi ni hivyo hivyo. Kokushubila alilia pale mezani, kwa aibu tupu, na Felicitas aliyekuwa akimenya ndizi jikoni alimsikia akamwacha alie.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Madawati sita yaliunganishwa, ramani ikatandazwa juu, ikabanwa kwa mawe kwenye pembe. Burhani alikuwa amekuja na kalamu zake. Mzee Bartholomayo alifungua kwa sala, kisha akamsifu binti wa Kyaruzi kwa maneno mazuri ambayo kila moja lilimwingia Kokushubila kama mwiba. Alipopewa nafasi alisimama.

"Wazee wangu, mama zangu. Ramani hii nimeichora mimi, na si ya kweli. Hapa nimeandika eneo wazi, na sikwenda kuangalia. Niliuliza watu ambao hawalimi huko, nikaandika walichoniambia. Kosa si la Mwenyekiti wala la Bwana Burhani. Ni langu. Naomba isipitishwe."

Sauti ya kiume ikatoka nyuma: "Na hizo nyota nazo ulihesabu hivyo hivyo?"

Watu walicheka. Kokushubila alingoja wamalize.

"Hivyo hivyo," alisema. "Nimegundua juzi. Nako nitarudia."

Kicheko kilikatika, maana hawakuzoea msomi anayejibu namna hiyo. Mzee mmoja akauliza, "Haya, basi huko peupe kuna nani?"

"Mimi sijui wote. Wanaojua ni hao pale." Akaonyesha upande wa wanawake.

Hakuna aliyeinuka. Mtu wa mbali angesema waliogopa, lakini haikuwa woga tu. Kitu usichopewa na mtu hukitangazi. Ukisema mbele ya koo zote kwamba pale ni pangu, umemkaribisha mwenye sauti kubwa aje aseme ni pake. Kwa miaka yote musiri ulilindwa kwa kutotajwa, na sasa huyu binti alikuwa akiwaomba waivunje kinga waliyonayo. Judica aliangalia miguu yake. Nancy alimhamisha mtoto bega hadi bega. Kokushubila akaona amekwisha kujidhalilisha na haikusaidia kitu.

Ndipo Felicitas akainuka. Alikwenda polepole hadi kwenye madawati, akafungua fundo la kanga yake, akatoa njugumawe moja. Aliinama, akatafuta mteremko kwa kidole kuanzia kanisani, kwa ile njia anayoitembea kila siku, akaiweka.

"Hapa ndipo nilipo," alisema. Akaacha lile fundo wazi juu ya dawati, njugumawe zimejaa, akasimama pembeni.

Judica alifuata. Akachukua moja, akauliza chemchemi iko wapi, akahesabu kutoka pale, akaweka. Kisha Nancy. Kisha wakaja wawili wawili, wakisukumana, wakiulizana, "Wewe si uko chini yangu?" na "Sogeza, hapo ni kwa mama Adelina." Mke wa Mzee Bartholomayo alikuja wa tisa, hakumtazama mumewe, akaweka yake kwa kishindo kidogo. Wanaume walisogea kuona. Mmoja alisema hakujua mama yake amefika mbali hivyo. Burhani aliacha kuandika kwa muda, akawa anatazama tu. Njugumawe zikafika arobaini na tatu, na pale peupe hapakuwa tena na nafasi ya kuweka mkono bila kugusa ya mtu.

Mzee Bartholomayo alizitazama kwa muda mrefu. "Penye wengi hapaharibiki neno," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Haipiti. Mpima, utaanza upya, na safari hii utaongozana na hawa. Mabati tutayatafuta kwingine."

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kama ilivyo jambo likiisha. Burhani aliinama kuweka alama kwa kalamu penye kila njugumawe kabla upepo haujazitawanya. Kokushubila alikuwa akimsaidia upande wa pili, kwa hiyo alikuwa karibu Felicitas aliporudi tena kwenye ramani. Mkononi alikuwa na kijiwe, kidogo kama punje ya hindi. Alikiweka kando ya njugumawe yake, akakisogeza kidogo, akakiachia.

"Mama, na hiki?" Burhani aliuliza kwa upole. "Ni jiwe la mpaka?"

"Si mpaka."

Kokushubila alitaka kumzuia Burhani asiulize zaidi. Alifungua mdomo, lakini shangazi yake alimgusa mkono.

"Ni mwanangu," Felicitas alisema. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, na walionyamaza wakawanyamazisha wengine, mpaka uwanja mzima ukatulia. "Yupo hapo miaka thelathini na minane. Muweke na yeye."

Burhani alishika kalamu, hakujua afanye nini. Kwenye ramani zake kuna alama ya shule, ya kisima, ya msikiti na kanisa. "Niandike nani, mama?"

Felicitas aliangalia kile kijiwe. Kokushubila alikumbuka maneno ya kule kwenye mteremko, kwamba asiyelia hapewi jina, akaona midomo ya shangazi yake inatikisika kama ya mtu anayejaribu neno alilolisema peke yake mara nyingi mno, lakini hajawahi kulitoa nje.

"Andika Isaac."

Burhani hakuandika. Aliigeuza kalamu, akampa Kokushubila. Kokushubila aliinama juu ya karatasi, machozi yakimsumbua kuona, akaandika herufi tano ndogo, vizuri, kwa mwandiko wa shule, pale alipokuwa ameandika kwamba hapana kitu.

Mzee Bartholomayo alisogea. Alikuwa rika moja na marehemu Kyaruzi. Huenda alikumbuka jambo, huenda hakukumbuka. Alivua kofia yake, akalitazama lile jina. Kisha akamgeukia mpima.

"Bwana Burhani," alisema, "ukifika hapo kupima, acha nafasi ya watu kusimama. Tutakwenda kumzika."